Mtu wa Kufanana na Barre

Garissa,
20 Aprili 1997

Kwa Abdiwahid, mdogo wangu wa tumbo moja,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie kabla ya karatasi hii. Sisi hapa tunapumua, alhamdulillahi. Mama huamka kwa swala ya alfajiri bila kuitwa, ila macho yake sasa yanaona vivuli tu. Mimi bado nauza maziwa sokoni. Ngamia wamekonda, maziwa ni haba, na wateja wanadhani nayaongeza maji. Juzi bibi mmoja aliyaonja akaniambia, "Osob, haya umeyakamua kutoka kwenye mfereji." Tulicheka, lakini hakununua.

Nimezunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe. Siyad, mtoto wa ami yetu, ameua mtu. Ilikuwa Februari, kisimani, karibu na Tarbaj, watu wakinywesha mifugo kwa zamu. Siyad alitaka kupitisha ngamia wake mbele, miraa imejaa shavuni, na mzee aliyekuwa akisimamia zamu akamwambia arudi nyuma kama wengine. Siyad akamchoma kisu mbele ya watu wote. Mzee huyo ni Barre, yule mpatanishi, ambaye hata watu wetu walikuwa wakimpelekea kesi zao. Hukuwahi kumwona, lakini jina lake unalijua. Nani asiyelijua.

Siyad amekimbilia ng'ambo ya mpaka. Wazee wa pande mbili wamekaa chini, wanazungumza fidia ya ngamia, maana mmoja wetu akiua tumeua sote. Inshallah yataishia hapo.

Kuna jambo dogo jingine. Watu wawili wa upande wa Barre walikuja sokoni kwangu. Walinunua maziwa, wakasalimia vizuri, wakaniuliza habari zako. Uko mji gani huko Uingereza, unafanya kazi gani, je, bado unasomesha watu Qur'ani. Nikawajibu tu kwamba hujambo. Wakashukuru, wakaenda zao. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Mama anakusalimu kwa mikono miwili.

Dada yako,
Osob


Uingereza,
28 Julai 1997

Abaayo Osob, dada yangu uliyenibeba mgongoni,

Wa alaykum salaam, wewe na mama na kila aliye chini ya paa lenu. Barua yako ilikaa kwenye chumba changu cha zamani mpaka mwenye nyumba akakumbuka kunipa. Usidhani nilikaa kimya kwa kutojali. Nilipoisoma habari ya Barre nilikaa kitandani nikashindwa kwenda kazini. Mtu kama yule, kwa ajili ya zamu ya maji. Nilimsomea khitma peke yangu.

Mimi ni mzima. Bado nachinja kondoo kwenye kiwanda cha nyama halali. Kondoo wa huku wamenona mpaka hawajui kukimbia. Wamemwajiri kijana mpya, anaitwa Salat, aliyepitia kambi ya Hagadera. Zaidi ya hapo simjui, kwa sababu sisi Wasomali wa mji huu tuliapa msikitini, tangu vita vya Mogadishu, kwamba hakuna atakayemuuliza mwenzake ni wa ukoo gani. Anayeuliza huwanunulia wote chai. Kwa hiyo najua jina lake, na najua kwamba mkono wake hautetemeki kwenye kisu. Ananiita adeer, kana kwamba mimi ni ndugu wa baba yake. Unajua nilivyo mpweke huku. Neno hilo limenipendeza.

Sasa hapa msomee mama, umgeuzie kwa Kisomali kama kawaida, maana mimi na wewe shule ilitufunza kuandika Kiswahili tu.

Jumapili Salat aliniambia, "Adeer, twende tukaone kasri." Nje ya mji kuna kasri la mawe, la lodi fulani, bwana mkubwa wa zamani, na chini yake kuna bustani ambayo watu hukata tiketi kuingia. Sijui niielezeje. Kila kitu mle kimekatwa. Vichaka vimenyolewa vikawa kuta fupi, mraba ndani ya mraba, na katikati changarawe imepigwa reki. Miti mirefu imechongwa kama vibuyu vya maziwa vilivyosimamishwa, kijani chake ni kizito, karibu cheusi. Hakuna mnyama. Watu wanatembea wakinong'ona kama walio msibani.

Bibi mzee wa mlangoni alitueleza kwamba bustani ilichorwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita na haijabadilishwa hata mstari mmoja. Watunzaji hufunga kamba kutoka pembe hii hadi ile ndipo wakate, na jani lililovuka kamba haliachwi. Nikamwambia Salat, "Mbuzi wa kwetu wangeimaliza kazi hii asubuhi moja." Hakucheka. Alisema tu, "Jani lililovuka kamba," kama mtu anayejikumbusha.

Mwisho wa bustani kuna chumba ambacho kuta zake ni miti, mirefu kuliko mtu, na mlango ni mmoja. Ukiingia huoni kasri wala watu, na sauti za nje zinakatika. Tuliswali adhuhuri mle, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Nilipotoa salamu nikageuka, nikamkuta amesimama wima. Hakuwa amesujudu kabisa. Akasema mgongo unamuuma.

Nitawatumia picha tukirudi. Mbusu mama mkono.

Ndugu yako,
Abdiwahid


Garissa,
10 Oktoba 1997

Abdiwahid, mboni ya mama yako,

Salamu nyingi. Mvua imeanza, na inaanza vibaya. Wingu haliondoki tangu wiki iliyopita. Bustani yako nilimsomea mama mara mbili. Ameuliza kama wenyewe ni wagonjwa, majani yote yale na hawana hata mbuzi mmoja. Kisha akauliza nani anakula vile vichaka. Nikamwambia hakuna, vinatazamwa tu. Akasema, "Mwambie asikae sana mahali hapo."

Sasa nisikilize vizuri, na usiwaonyeshe watu barua hii. Mazungumzo yamevunjika. Watu wa Barre wamekataa ngamia. Na Siyad pia wamemkataa. Mzee wao mmoja alisimama mbele ya wazee wetu akasema, "Siyad ni nini? Hana mke, hana swala, hana neno linalosikilizwa. Tukimuua huyo tutawafurahisha wake wa jirani zenu. Barre hakuwa Siyad. Tunataka mtu wa kufanana na Barre."

Unaijua desturi hii, ingawa tulikua tukiambiwa imekufa. Wanatafuta kwetu mtu ambaye akiondoka tutaona giza waliloliona wao. Nilipowauliza wazee wetu ni nani huyo, waliangalia chini. Abdiwahid, kwetu ni nani anayependwa na kila mtu, anayejua Qur'ani kwa moyo, asiyewahi kumnyooshea mtu mkono? Wewe. Na baada yako ni Dekow, mtoto wa marehemu kaka yetu, mwalimu kule Takaba. Hakuna wa tatu.

Barre ana mtoto mmoja tu wa kiume, Awil. Aliingia Hagadera, halafu akatoweka. Watu wanasema walimchangia safari.

Huyo Salat wako ni mtoto wa nani? Vunja hicho kiapo chenu, wanunulie chai mji mzima. Muulize.

Dada yako mwenye hofu,
Osob


Uingereza,
12 Oktoba 1997

Abaayo Osob,

Mola akuzidishie afya, na maziwa yako yarudi kuwa mazito. Sina barua yako mpya, kwa hiyo sijui kama habari za fidia zimekwisha. Ninaamini zimekwisha.

Picha ndiyo hii. Tumerudi bustanini mimi na Salat, na bibi wa mlangoni ndiye aliyeipiga. Huyo bibi hanisamehe, kila mara ananikaripia nisikanyage ukingo wa nyasi. Salat hakutaka picha. Aliweka mkono usoni, halafu nikamwambia, "Kijana, mama yangu ataiona kwa vidole, na dada yangu kwa macho, wafurahishe," ndipo akashusha mkono. Utamwona anaangalia pembeni. Nyuma yetu ni ile miti ya vibuyu.

Nampenda kijana huyu, ila ananishangaza. Hajawahi kula chakula changu. Tangu amekuja kazini, kila nikimkaribisha amefunga au ameshiba. Siku hiyo nilikuwa na mkate na nyama ya kondoo, tukakaa kwenye ukuta wa birika la mawe, na baridi ilikuwa ya kumuumiza punda. Nilimmegea, akaushika ule mkate muda mrefu, kisha akawatupia bata.

Huuliza sana. Kwetu watu wananionaje. Nilipoondoka walilia? Nikamwambia walilia, ndiyo, mpaka nikaona haya. Akauliza, "Yuko mwingine kwenu aliye kama wewe?" Nikamsimulia Dekow, jinsi anavyowafundisha watoto wa wachungaji chini ya turubai na hadai ada. Alisikiliza kama mtu anayehifadhi sura.

Bustani hufungwa kwa majira ya baridi. Jumapili ya mwisho ni tarehe kumi na sita Novemba. Salat anataka twende asubuhi mapema, sisi wawili tu, kabla ya watu. Anasema ana neno la kuniambia kwenye kile chumba cha miti. Nadhani anataka kuoa na anaona aibu.

Nduguyo anayekukumbuka,
Abdiwahid


Garissa,
11 Novemba 1997

Abdiwahid,

Salamu zangu leo ni fupi, nisamehe. Mto Tana umeingia mjini. Barabara ya Nairobi imekatika, simu za posta zimekufa. Radio ya taar, ile ya kuitana kwa upepo, haifiki kwenu, na hata ingefika kila mtu angesikia. Barua hii nampa daktari anayeondoka na ndege ya msaada. Ameniahidi kuitia posta Nairobi.

Picha ilifika jana. Nilimwonyesha Timiro. Unamkumbuka, binti wa jirani yetu tuliyecheza naye, aliyeolewa kwa watu wa Barre. Aliitazama, akaitia chini ya kanga yake kana kwamba inanuka. Akasema, "Huyu haitwi Salat. Huyu ni Awil wa Barre. Nilimfunga kitambaa cha kitovu mimi mwenyewe."

Ndiyo maana hali chakula chako. Mtu hawezi kula kwako kisha akamwaga damu yako, na yeye analijua hilo, kwa hiyo anaiweka njaa yake safi.

Usiende kwenye bustani ile. Hama chumba, hama kazi, hama mji. Ukiipata barua hii kabla ya hiyo Jumapili, usisome mara ya pili, ondoka.

Osob


Uingereza,
17 Novemba 1997

Abaayo Osob, furahi kabla hujaendelea kusoma,

Niko hai na moyo wangu ni mwepesi. Barua yako ya tarehe kumi Oktoba ilinifikia Ijumaa. Sikuhitaji kuuliza ni mtoto wa nani. Nilijua nikiwa bado nimeishika bahasha.

Utaniuliza kwa nini nilikwenda. Nilikaa siku mbili na jina la Dekow. Mimi ndiye niliyempa kijana yule jina hilo kwa mdomo wangu, na Takaba nimemwelekeza mpaka lile turubai. Nikikimbia mimi, atamgeukia Dekow. Kwa hiyo Jumapili nilioga, nikavaa nguo safi, nikaenda.

Umande ulikuwa umeganda juu ya vichaka, bustani yote nyeupe, na mistari yake imenyooka kama ya daftari la hesabu. Alitembea nyuma yangu. Alikuwa na koti refu, na mkono mmoja ndani ya koti. Tulipoingia chumba cha miti nilikaa kwenye benchi la mawe. Nikasema, "Awil, baba yako alikuwa mtu mkubwa. Mimi nachinja kondoo kwa mshahara katika nchi ya watu. Ukinihesabu kuwa sawa na Barre umeninyanyua juu ya kimo changu. Lakini kama ndivyo, chukua, na umwache Dekow."

Hakushtuka kwamba najua. Alitoa kisu cha kazini, kimefungwa kwenye taulo. Aliniambia alikuja nacho mara zote tatu. Kisha akakaa chini kwenye changarawe, mbele yangu, kama mwanafunzi. Akasema, "Adeer, niliambiwa nitafute mtu wa kufanana na baba. Nikakuchunguza ili nione kama kweli unafanana naye. Unafanana. Unavyokaripiwa na yule bibi ukacheka, unavyomega mkate. Sasa shida yangu ni hiyo. Nitamuua baba mara ya pili vipi?"

Tulilia sote wawili, sikufichi. Hakuwahi kumzika baba yake. Tulisimama mle ndani tukamswalia Barre swala ya maiti aliye mbali, na safari hii kijana alikuwa bega kwa bega nami. Halafu nikatoa mkate na kuku. Alikula, abaayo. Alikula mpaka mifupa.

Sasa sikiliza. Anarudi nyumbani mwisho wa mwezi huu kuwaambia watu wake, kwa mdomo wake yeye mwenye damu, kwamba amesamehe na wapokee ngamia. Bila yeye kusimama mbele yao hawataamini. Atapita kwako. Kisha atamtafuta Dekow, waende pamoja mbele ya wazee, mkono kwa mkono, ili watu waone. Nimempa tusbaha yangu, tasbihi ile ya marehemu baba, ili ukiiona mkononi mwake ujue anatoka kwangu. Alitaka kubeba barua hii mwenyewe, nikamkatalia. Nikasema mgeni hatangulii habari yake, barua itangulie, ikukute umeshaweka chungu motoni. Naitia posta leo.

Ataendelea kujiita Salat mpaka afike kwao, kwa usalama wake. Mpokee kama mtoto wangu.

Abdiwahid


Garissa,
19 Desemba 1997

Kwa ndugu yangu Abdiwahid, au kwa mwenye nyumba atakayefungua bahasha hii,

Rehema za Mungu ziwe juu yako popote ulipo. Tangu picha sijapata neno lako. Maji bado yametuzunguka. Mbuzi wanakufa, na sasa watu nao wanaanza kufa kwa homa wasiyoijua. Mama yuko salama juu ya kitanda, tumekiinulia matofali. Kila siku anauliza kama posta imefunguliwa.

Mgeni alikuja hapa wiki iliyopita. Alivushwa kwa mtumbwi, matope mpaka magotini. Alisema anaitwa Salat, rafiki yako wa kazini, na kwamba unatusalimu. Alikuwa na tusbaha ya baba mkononi. Hakuna mtu aliyeniambia chochote zaidi ya hapo, na sikuhitaji kuambiwa. Wewe hukuivua tusbaha ile hata ulipougua ndui. Mtu anayeivaa sasa ameitoa mahali.

Tena aliniuliza kama Dekow bado yuko Takaba.

Nilimpa mahali pa kulala. Asubuhi yake aliondoka kwa njia ya Madogashe, na watu wetu wanne walimsindikiza. Kuhusu safari hiyo sitaandika zaidi. Dekow yuko salama.

Nimekuswalia. Mama sijamwambia. Naandika tu kwa sababu mkono wangu umezoea kukuandikia.

Osob


Garissa,
2 Februari 1998

Ndugu yangu Abdiwahid,

Salaam alaykum. Idi imepita. Barabara imefunguliwa, lori la posta limefika juzi na magunia ya miezi mitatu. Barua zako mbili nilizipata pamoja, ile ya tarehe kumi na saba Novemba na hii ya Januari unayouliza kama mgeni wako alifika na nilimpikia nini. Nilimpigia Mungu magoti kwamba uko hai. Halafu nikaisoma iliyobaki nikiwa bado magotini.

Nitakuambia yote, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Alipoingia aliniita eddo, kana kwamba mimi ni shangazi yake, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Eddo, barua ya adeer Abdiwahid imefika?" Nikajibu imefika. Nilisema uongo. Niliona anapima tunajua kiasi gani, nikataka adhani tunajua tu kwamba ni rafiki yako. Sura yake ikafunguka. Akasema, "Basi unanijua." Nikamwambia ninakujua. Akashika mkono wangu akauweka juu ya kichwa chake, na mimi nikadhani ni dharau ya muuaji.

Alikula kwangu. Nilimwekea wali na maziwa ya mwisho yaliyokuwepo, akala akamaliza, akaomba tena. Mama alimpapasa uso akasema kijana huyu amekonda, muongeze. Niliona kwamba anakula. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba mtu wa damu hali, na niliona, nikajiambia anakula kwa sababu kazi kwako imekwisha, na kwamba nyumba ya Dekow ni nyingine. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu. Alianza kumsimulia mama bustani, vichaka vilivyonyolewa na bibi mkali wa mlangoni, na mama akicheka. Mimi nikajifunika shuka nikaenda kwa ami yetu, baba yake Siyad. Sikusema auawe. Nilisema, "Mtoto wa Barre yuko nyumbani kwangu, na ana tusbaha ya baba." Lakini nina miaka yangu, Abdiwahid, nilijua neno hilo litatembea wapi.

Walimkamata mbele ya Madogashe, mahali gari la punda linapokwama. Wanasema hakukimbia. Wanasema alikuwa akiwaonyesha tusbaha na kutaja jina lako, na wao kila alipolitaja ndivyo walivyozidi. Alizikwa hapo hapo kando ya njia. Timiro alikwenda kumwosha. Tangu arudi hazungumzi nami.

Watu wa Barre wanajua. Mama yake Awil hana mtoto mwingine. Wazee wamekaa tena, na sasa hakuna anayetaja ngamia. Barua yako nimempelekea mzee wao kwa mkono wangu, ili wajue kijana wao alikuwa amekuja na nini. Aliisoma yote polepole. Akaikunja, akanirudishia, akasema, "Kwa hiyo huyu ndugu yako ni mtu mwema kweli." Kisha akauliza kama bado uko mji ule ule, na nikaona jina lake liko pale juu ya bahasha, kwenye muhuri wa posta, na yeye ameshaliona.

Hama. Dekow tumempitisha mpakani usiku wa kuamkia Idi, naye haelewi kwa nini.

Barua yako ya Novemba nilimsomea mama kama kawaida. Nilimsomea mpaka kwenye umande na ile swala, mpaka alipokula kuku. Alifurahi sana kwamba mlipatana. Akaniuliza, "Na yule mtoto, alifika kwao?"

Nimemwambia alifika.

Dada yako,
Osob